Mkasi Hauna Cheti

Duka lenyewe liko Katoro, mkoani Geita, katikati ya mnunuzi wa dhahabu na fundi wa pampu. Ni usiku wa manane. Muuzaji amefunga, analala chumba cha nyuma. Juu ya kaunta wamebaki wawili: Mkasi, mkongwe wa pale, mpini wake mmoja umezungushiwa plasta, na Kidonge cha ergotamini, peke yake ndani ya kipande cha karatasi ya dawa kilichokatwa jioni. Nje, Punda wa kubebea viroba vya mawe amefungwa kwenye nguzo. Masikio anayo marefu, usingizi hana.

KIDONGE: Shikamoo, mzee.

MKASI: Marahaba. Mbona hulali?

KIDONGE: Nina shida. Nimejitazama mbele na nyuma, sioni jina langu.

MKASI: Hiyo kazi yangu. Nilipokukata, jina liliondoka na kijana wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Tarehe ya mwisho wa matumizi alikwenda nayo yule wa bodaboda. Wewe umebaki na herufi tatu, E, R, G. Kwa Katoro zinatosha.

KIDONGE: Zinatosha nini? Atakayenimeza atajuaje mimi ni nani?

MKASI: Utaitwa "ya kichwa". Humu dawa zina majina manne tu: ya kichwa, ya tumbo, ya kikohozi, na rangi mbili. Utazoea.

KIDONGE: Lakini mimi ni dawa ya cheti.

MKASI: Cheti kipo. Tazama ukutani, kimewekewa na fremu.

KIDONGE: Hicho ni kibali cha duka, mzee. Nasema cheti cha daktari.

MKASI: Ahaa, cha daktari! Hicho hatujakiona tangu masika. Sikiliza, mdogo wangu, usije ukadhani uko porini. Maduka ya dawa muhimu yana historia yake. Yalianzia Ruvuma mwaka 2003, serikali ikaona wenye maduka ya dawa baridi wafundishwe, wasajiliwe, ili mtu wa kijijini asisafiri kutwa nzima kutafuta panado. Muuzaji wetu alipelekwa kozi. Akapewa orodha: hizi uza, hizi za cheti uza chache, hizi usiguse kabisa.

KIDONGE: Iko wapi hiyo orodha?

MKASI: Chini ya redio. Redio ilikuwa inayumba.

KIDONGE: Na huyo muuzaji aliyesoma kozi?

MKASI: Aliolewa Bukombe. Huyu unayemsikia akikoroma ni mdogo wa mwenye duka. Naye amesoma. Bei zote anazijua kwa kichwa.

(Hapa lazima tumtendee haki Mkasi. Hana roho mbaya. Amefanya kazi hii miaka mingi bila kuuliza swali, na katika ukanda huu wa dhahabu hiyo huhesabiwa kuwa sifa.)

KIDONGE: Basi niambie wateja wangu ni akina nani, nijiandae.

MKASI: Wateja? Wewe una bahati. Kichwa hapa kina sababu nyingi kuliko mitaa. Kuna cha jua. Kuna cha duara: wanashusha pampu ya petroli shimoni, moshi hauna pa kutokea, kijana anapanda juu anayumba kama mlevi. Kuna cha baruti: wamelipua, hawakusubiri moshi uishe, wamewahi mawe. Kuna cha zebaki: mtu anachoma dhahabu yake kwenye kikaango, jikoni, mtoto yuko mgongoni. Na kuna cha Jumapili asubuhi, hicho sitakieleza. Wote nawahudumia sawasawa. Kata mbili, kata nne.

KIDONGE: Mzee, huyo wa pampu anahitaji hewa. Wa zebaki anahitaji kuacha kuvuta ule mvuke. Ukinipa mimi, utakuwa umewanyamazisha tu, warudi kule kule.

MKASI: Na wananunua kunyamaza huko. Msimamizi wa duara hupita hapa kabla vijana hawajashuka: betri za tochi, sigara, vidonge ishirini. Vyote mfuko mmoja. Kwake nyinyi ni vifaa vya kazi.

KIDONGE: Mimi ni wa kipandauso! Ugonjwa mmoja, wenye dalili zake.

MKASI: Huo si ndio ule wa wazungu?

KIDONGE: Nani kasema? Haydom, kule Mbulu, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakahoji watu zaidi ya 7,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kama wanne katika kila mia walikuwa nao, na wanawake walizidi wanaume. Wakulima na wafugaji wale, sio watalii.

MKASI: Wanne katika mia... Basi yupo mmoja. Mama lishe wa mialoni. Kichwa chake huuma upande wa kushoto tu, kinadunda. Akiona mwanga anafunika jicho. Harufu ya samaki anaowakaanga mwenyewe inamtapisha. Siku mbili nzima yuko chini, ya tatu anainuka anauza ugali kana kwamba hapakuwa na kitu.

KIDONGE: Huyo! Huyo ndiye wangu! Kipandauso hukaa saa nne mpaka saa 72. Alitibiwa vipi?

MKASI: Kwa utaratibu. Kwanza malaria. Hakupimwa, maana malaria hapa haihitaji kupimwa, inahitaji kuwa na kichwa. Akameza mseto. Hakupona. Akaenda kwa mfumu, mganga wa kienyeji, akachanjwa chale mbili kwenye paji la uso, unaziona mpaka leo. Hakupona. Kisha dada yake aliyeko Kahama akamtumia wenzako sita kwa dereva wa basi. Dada mwenyewe alikuwa ameandikiwa na daktari. Akameza kimoja, akalala, akaamka mzima. Tangu siku hiyo hataki kusikia kitu kingine.

KIDONGE: Daktari wa dada yake hajamwona yeye. Je, ana shinikizo la damu? Ana mimba?

MKASI: Mimi ni mkasi, nitamuulizaje mtu mimba?

KIDONGE: Ndiyo maana kuna cheti. Mimi kazi yangu ni kubana mishipa ya damu. Ndugu yangu ergometrini yuko wodi ya wazazi, anabana kizazi ili mama aliyekwisha kujifungua asivuje damu. Kwa aliyejifungua ni mkombozi. Kwa mwenye mimba, ukoo wetu usikaribie mlango. Mwenye presha au moyo, vivyo hivyo. Tena kwa haki, mimi si wa kwanza kuitwa. Kipandauso kikianza tu, wanaitwa kwanza ibuprofeni, au aspirini, au paracetamol, kwa dozi kamili na mapema, na dawa ya kuzuia kutapika kama tumbo limegoma. Mtu alale gizani. Wakishindwa hao ndipo daktari ananifikiria mimi, au sumatriptani, ambaye Shirika la Afya Duniani lilimwingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Na sisi wawili hatukai tumbo moja ndani ya saa 24.

MKASI: Mnatishana wenyewe kwa wenyewe.

KIDONGE: Ukoo wetu una sababu. Tumetokana na kuvu linaloota kwenye nafaka ya Ulaya. Zamani watu kule walikula mkate wenye kuvu hilo, vidole vikawaka moto, vikafa ganzi, vikawa vyeusi, vikakatika. Vijiji vizima. Mwaka 1918 Arthur Stoll, mkemia wa Basel, akanitenga humo, nikawa dawa. Lakini tabia ya vidole sijaiacha, mzee. Nikizidi, narudi kwa babu zangu.

MKASI: Yule kijana wa karasha nimemkatia wanne.

KIDONGE: Anatumia dawa nyingine?

MKASI: (Kimya kidogo.) Kila mwezi huenda kliniki Geita kwa bodaboda ya usiku, asionekane. Niliwahi kukata karatasi iliyozungushiwa kopo lake. Iliandikwa atazanaviri na ritonaviri.

KIDONGE: Mungu wangu. Dawa za VVU za mstari wa pili! Ritonaviri huzuia ini lisinivunje. Nakaa mwilini, najikusanya. Kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi ya wengi. Hatakiwi kunigusa hata kwa ulimi!

MKASI: Angesema.

KIDONGE: Kwa nani? Dukani hapa, watu sita kwenye foleni, mmoja wao baba mkwe? Anayenunua hasemi, anayeuza haulizi, na wewe unakata.

(Punda anagonga kwato. Ameshindwa kuvumilia.)

PUNDA: Samahanini wakubwa. Mimi mzaliwa wa Shinyanga. Ndugu zangu waliingia machinjio ya pale wakiwa punda, wakatoka wakiwa ngozi. Ngozi zikaenda China, zikachemshwa zikawa gundi, gundi ikaitwa dawa. Ya damu, ya usingizi, ya urembo, kila muuzaji na yake. Mpaka Umoja wa Afrika ulipopiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Kwa hiyo nikisikia neno dawa huwa nauliza kwanza: mimi nimo?

KIDONGE: Humo, kaka.

PUNDA: Nashukuru. Basi na jambo la pili. Mimi kichwa kikiniuma nalala chini na mzigo mgongoni. Nipigwe, nisipigwe, silali upande mwingine. Bosi anangoja. Bosi akiumwa yeye, anameza, anaendelea kunipiga. Huwa najiuliza nani kati yetu ni punda. Endeleeni.

MKASI: Usimsikilize, anafuga kinyongo. Turudi kwa mama lishe. Yeye hana tatizo, amejipangia. Kimoja kila asubuhi na chai. Anasema ni kinga.

KIDONGE: Kila asubuhi!

MKASI: Kila asubuhi. Na kichwa bado kinamuuma, tena siku hizi kila siku, ndiyo maana mchana anaongeza panado.

KIDONGE: Kinamuuma kwa sababu yangu! Atakayenimeza siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, kichwa kinajifunza kuumwa kila ninapotoka mwilini. Hata hao akina panado, siku 15 kwa mwezi wanafanya vivyo hivyo. Ananunua kwako maumivu kwa rejareja, mzee, na wewe unamkatia.

MKASI: Mteja wa kila siku ndiye anayelipa kodi ya fremu.

KIDONGE: Kinga ipo, si mimi. Yupo propranololi, huyo humezwa kila siku hata kama kichwa hakiumi, ili mashambulizi yapungue. Ila mwenye pumu hapewi, na dawa yenyewe haiachwi ghafla. Yupo amitriptilini, dozi ndogo usiku.

MKASI: Propranololi? Yupo kabati la juu. Msimamizi mmoja aliandikiwa hospitali. Alimeza siku mbili, hakuona kitu. Sasa anamweka mfukoni, anammeza kichwa kikigonga tu.

KIDONGE: Yaani wa kila siku anamezwa siku ya maumivu, na wa siku ya maumivu anamezwa kila siku?

MKASI: Ukilisema hivyo linasikika vibaya.

KIDONGE: Na mnajua kuhesabu! Jirani hapo ana mizani ya dhahabu yenye kioo, anazuia pumzi asije akapuliza pointi, kile kipimo kidogo cha dhahabu. Mchimbaji anaweza kutoa ngumi kwa ajili ya pointi moja. Lakini vidonge alivyomeza wiki hii hajui kama ni vitatu au kumi na vitatu.

MKASI: Hapo unakosea. Vinajulikana. Daftari la madeni, hili nililoliegemea. Mama lishe ana ukurasa wake. Jumatatu, "ya kichwa 1, panado 2". Jumanne, "ya kichwa 1". Jumatano, "ya kichwa 2, atalipa wateja wakilipa". Miezi minne, haijarukwa hata siku moja. Hospitali wana kumbukumbu hiyo?

KIDONGE: (Kwa sauti ndogo.) Madaktari huwaomba wagonjwa waandike kitu kama hicho. Wengi hawaandiki.

MKASI: Hawadaiwi hao.

KIDONGE: Nikuulize la mwisho. Kichwa kilichopasuka ghafla kuliko vyote maishani, au kilicho na homa na shingo ngumu, au mkono umelegea, au kimeanza baada ya mtu kuangukiwa na jiwe, au mjamzito miguu imevimba na macho yanaona giza. Hao mnawafanyaje? Maana hao si wangu hata kidogo, ni wa kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

MKASI: Hao huwa tunawaongezea. Kata sita.

(Kunapambazuka. Muuzaji anafungua komeo, anapiga miayo, anafuta kaunta kwa mkono wa shati. Mama lishe anaingia kabla hajamaliza, kiganja kimoja juu ya jicho la kushoto.)

MAMA LISHE: Mwangaluka, baba.

MUUZAJI: Mwangaluka, mayu. (Ameshashika mkasi.) Leo kimoja au viwili?

MAMA LISHE: Leo sitaki. Vidole vimeanza kufa ganzi, jana nikaenda hospitali. Daktari kaniuliza nimemeza vidonge vingapi, siku zipi, tangu lini. Nikamwambia mimi sijui, anayejua ni muuzaji. Anataka kuona.

MUUZAJI: Kuona nini?

MAMA LISHE: Deni langu.

MUUZAJI: Atalilipa?

MAMA LISHE: Atalisoma tu.

MUUZAJI: (Anafikiri sana, anaweka mkasi chini.) Daftari halitoki dukani, mayu. Kopi wanatoa hapo ng'ambo, shilingi mia mbili. Nikuandikie?