Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Bungoma Kuhusu Magodoro ya Rambirambi na Ving'ora vya Moshi

Kwa Idara inayosimamia Huduma za Zimamoto,

Wakazi wa Naitiri na vitongoji vyake wanatanguliza shukrani kwa ustadi ambao viongozi wa nchi hii, wa kaunti na wa taifa, wameuonyesha katika fani ya kufika baada ya moto. Nyumba ikishateketea, magodoro huletwa, blanketi na unga hufuata, hotuba hutolewa, na mpiga picha huwa wa kwanza kushuka garini. Utaratibu huo hauna kasoro, isipokuwa hii moja ndogo, kwamba waliokusudiwa kuyalalia magodoro hayo wakati mwingine huwa wameshazikwa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Kwa kuwa gari la zimamoto, hata likiwa na maji, mafuta na dereva, lina safari ya kwenda, ilhali nyumba yenye mabua ya mahindi ubavuni na petroli ya bodaboda nyuma ya mlango haina subira hiyo, inapendekezwa kwa unyenyekevu kwamba Idara ifikirie kifaa kisichosafiri. King'ora cha moshi ni kisanduku cha plastiki, kipana kama kisahani cha chai, kinachofungwa juu katika chumba cha kulala au penye njia ya kukiendea. Ndani yake mna chemba ya giza inayopitiwa na mwale wa mwanga. Chembe za moshi zikiingia, mwale hutawanyika na kuliangukia jicho la kielektroniki, ambalo hukiamuru kifaa kulia kwa ukali wa desibeli 85 hivi, kiasi cha kumwamsha hata mlinzi. Mlio huo unahitajika kwa sababu pua ya aliyelala haitegemewi, na moshi hubeba kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutwaa nafasi ya oksijeni katika damu na kumzidishia mtu usingizi.

Haisemwi kwamba serikali zimeusahau moto. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinahusu mahali pa kazi, hivyo karani wa ghala la mahindi hulindwa mchana akiwa macho, na akirudi nyumbani kulala, sheria nayo hulala. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 ulitaka mabweni yawe na ving'ora, milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Ulikuwa na umri wa miaka 16 usiku ule wa Septemba 2024 ambapo moto ulizuka katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, na kuwaua wavulana 21. Karatasi, kama ijulikanavyo, ni kitu cha kwanza kuungua.

Idara huenda ikajibu kwamba jiko la mafiga litakifanya kifaa kilie tangu chai ya alfajiri hadi ugali wa usiku. Hoja hiyo ni nzito kuliko nyingi zinazotolewa barazani, na jibu lake lipo: jikoni hufaa king'ora cha joto, kinachopuuza moshi na kushtuliwa na kupanda kwa halijoto, huku kile cha moshi kikiachiwa vyumba ambamo koroboi, chandarua na dawa ya mbu hukutana gizani. Hoja ya betri ni ngumu zaidi. King'ora chenye betri dhaifu hulia kidogokidogo usiku kucha, na nyumba inayoanika betri za redio juu ya mabati ili zirudishe nguvu haitachelewa kukipokonya yake, kikabaki ukutani kama pambo. Kwa hiyo vinunuliwe vile vyenye betri iliyofungiwa ndani, inayodumu hadi miaka 10, ambao ndio umri wa kifaa chenyewe. Na mzee wa mtaa, anayejua kila nyumba yenye harusi, aongezewe kazi ya kuhakikisha kitufe cha majaribio kinabonyezwa kila mwezi.

Inatambuliwa kwamba hakuna mradi unaoweza kuzinduliwa bila picha ya mheshimiwa. Wakazi hawapingi picha hiyo ibandikwe kwenye kila king'ora, mradi isizibe vitundu vya pembeni, kwa kuwa ndimo moshi unamoingilia.