Muziki wa Kusomea, Moro Hii?

Jirani, nikuulize kitu. Wewe umewahi kumwona mtu wa Morogoro anasikia muziki halafu anatulia? Mji kasoro bahari huu, bana. Bahari tulinyimwa, magitaa tukamwagiwa.

Sasa Zuhura wangu yuko kidato cha nne. Mtihani Novemba. Na pale Mwembesongo tunapopanga kila mlango una redio yake. Mtoto anasoma Kemia, ukuta wa kulia unatangaza mpira, wa kushoto unakemea mapepo. Ndo dogo mmoja anayesoma chuo cha SUA, kapanga chumba cha uani, akanidokeza. Mzee, mwekee muziki laini, unafunika kelele, akili inatulia. Akamtaja na Mozart. Nikamuuliza anacheza namba ngapi.

Kumbe ni Mzungu wa Austria, fundi wa piano, kafa 1791. Eti mwaka 1993 wasomi wa California waliwasikilizisha wanachuo muziki wake, wakafumbua mafumbo ya maumbo vizuri zaidi. Habari ikavuma, mpaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba hela ya serikali ili kila kichanga kinachozaliwa kipewe muziki wa aina hiyo. Kichanga changu kilipozaliwa kilipewa khanga ya kukopa, na mwenye khanga ananidai hadi leo.

Dogo akaongeza kwamba nguvu yenyewe ilidumu kama robo saa tu ikayeyuka, tena vichanga havikupimwa kabisa. Sehemu hiyo sikuisikia vizuri. Nilikuwa nishatoka kwenda kuchukua sabufa.

Sabufa ya mkopo. Ile yenye taa zinazochezacheza. Hazizimiki! Mtoto anainama kwenye daftari, mara uso wa bluu, mara mwekundu, mara kijani. Nikaifunika kwa kitenge cha mama watoto. Kitenge chenyewe nacho kilikuwa cha harusi ya watu, sijui hilo. Nikasemwa hadi saa nne usiku.

Mozart nikamweka. Nisiseme uongo, anatuliza. Tulilala wote, na mwanafunzi mwenyewe, maharage yakaungua.

Nikaenda kuingiziwa nyimbo kwenye flashi. Nikamwambia yule kijana, nataka laini, za kusomea. Akasema mzee ondoa shaka. Wimbo wa kwanza mapenzi. Wa pili mapenzi yamevunjika. Zuhura kalamu chini, macho darini. Vipi, mama? "Baba, huyu kaachwa." Wa tatu singeli. Singeli, ndugu yangu! Muziki unaokimbia mapigo mia mbili na ushee kwa dakika. Watoto wa nyumba nzima wakamiminika uani, na wa kwangu wa mwisho akiwa na bakuli la uji. Uji ukabaki ukutani.

Dogo wa SUA akasema tatizo ni maneno. Mtu anasoma maneno, wimbo nao unamletea maneno, yanagombea mlango mmoja. Tafuta lugha asiyoijua. Nikaweka Kilingala. Kweli hatukuelewa hata neno. Gitaa linanong'ona, mtoto anaandika, mimi nimekunja nne, najiona mkuu wa chuo. Halafu wakafika kwenye sebene. Mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi, akarudi sijui saa ngapi.

Basi, ala tupu. Nikapata taarabu, kinanda na vayolini, mwimbaji hayupo kabisa. Haikupita dakika, mlango wa jirani ukafunguka. Kajifunga khanga kiunoni.

"Baba Zuhura, mimi ndo wa kunirushia mipasho?"

"Mama, hapa kuna maneno gani?"

"Maneno yake nayajua."

Ningefanyaje? Nikazima, na pole nikatoa.

Dogo akanitumia mwingine: sauti ya mvua, saa kumi mfululizo. Nikaunga bando. Saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, mvua inamwagika kwenye sabufa. Mama watoto akaanua nguo mbio. Mpunga wa watu ukakunjwa na mkeka wake. Yule jirani wa mipasho akapanga ndoo zake zote chini ya bati, maji ya bomba si unayajua yanavyotusumbua. Ananitazama mimi, anatazama mbingu, ananitazama mimi. Hapo katikati likaingia tangazo la kubashiri mpira, sauti maradufu, halafu bando likakata. Minara ya mawasiliano ya Bondwa naiona pale mlimani kila asubuhi, imesimama tu.

Habari ikapanda milima ya Uluguru. Ujue, mimi nimeoa Uluguruni. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, watoto ni wa upande wa kwao, na mwenye kauli ni mjomba. Mimi baba mtu kazi yangu ni luku. Mjomba wa mama watoto, mtu mzima hasa, akateremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unampigia mtoto disko."

Nikatafuta pa kujificha. Nikaweka Morogoro Jazz, zile sehemu gitaa linajisemea lenyewe. Mzee akavua kofia. Akafumba macho. Nikajua leo nimepatia! Kisha akamwita mjukuu wake. "Funga hilo daftari."

Akaanza. Morogoro Jazz walivyopanda ndege na magitaa yao kwenda Japani, Maonyesho ya Osaka, 1970. Mbaraka Mwinshehe alivyojitoa 1973 akaunda Super Volcano. Ajali ya gari iliyomuua kule Kenya, Januari 1979. Akarudi nyuma kwa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye ajali, 1965. Akaingia kwenye utani wa mashabiki wa Morogoro Jazz na wa Cuban Marimba, nani hakumsalimia nani. Chai ikachemshwa upya. Nyumba nzima imekaa uani inamsikiliza, jirani wa mipasho anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Asubuhi nikampima mtoto. Alama ya sodiamu? Anasita. Super Volcano? Anakupa mwaka, na sababu za kuhama. Na mzee, akisubiri gari ya Kinole, ananikaripia mbele ya watu kwamba nampotezea mtoto muda.

Siku hizi Zuhura anasomea Kihonda kwa rafiki yake. Kwao hakuna hata redio. Sabufa naendelea kuilipia, na Jumamosi anaiazima yule jirani.

Kama unao wimbo ambao mzee wa Kinole haujui, nipitishie. Bando uje nalo.