Mazungumzo Ndani ya Mtoto wa Meza

Meza yenyewe iko Leicester, mji wa Uingereza ambao tangu 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, umezoea kusikia Kiswahili kikichomoza kwenye foleni ya kununua bamia. Mwenye meza ni bibi wa Mombasa. Ndani ya mtoto wa meza, kati ya tasbihi iliyokatika uzi na risiti za umeme, wamelala wawili. Mmoja ni Bure, shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, la kijivu la kuvaliwa nyuma ya sikio, lililotolewa na NHS, huduma ya afya ya umma. Wa pili ni Ghali, kadude kadogo kama punje ya kunde kanakozama ndani kabisa ya tundu la sikio, kalikonunuliwa na wajukuu kwa mchango. Wa tatu hakualikwa.

GHALI: Samahani mzee, sogea kidogo. Kijibomba chako kimegeuka njano na kinanigusa. Mimi nilikuja ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameri. Sikuzoea kulala na risiti.

BURE: Nisogee wapi, bwana mdogo? Mtoto wa meza ndio huu huu. Sote wawili tumo humu, na bibi yuko sebuleni anaitikia "naam, naam" kwa maneno asiyoyasikia.

GHALI: Wewe umelala kwa sababu u wa bure, na wahenga walishasema rahisi huvunja upishi. Mimi nimepatwa na ajali tu. Jumatatu nilizimika ghafla, na wajukuu wakasema nimeharibika.

NTA: Hujaharibika. Nimekukalia.

GHALI: Nani huyo?

NTA: Nta, ile ya sikioni. Kichujio chako ni tundu dogo kama mbegu ya haradali, nami nimelijaza. Kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili, lakini aliyekuuza alimwonyesha mjukuu, mjukuu akasahau, na bibi hakuonyeshwa kabisa. Ndiyo maana pauni 2,400 zimelala na risiti za umeme.

GHALI: Sasa nizungumze na uchafu?

NTA: Uchafu ni jina nililopewa na wasionijua. Nalilinda tundu la sikio lisiingiwe na vumbi na wadudu, na humu ndani ndimi pekee niliyeingia hospitali na dukani bila kuuliza bei. Sina kamisheni, wala sina cheo wizarani. Tena nasaba yenu naijua. Wewe Ghali unadhani umezaliwa katika jumba na mwenzako kibandani. Kampuni kubwa zinazotengeneza vifaa vyenu duniani ni tano: Sonova ya Uswisi, Demant na GN za Denmark, WS Audiology, iliyotokana na muungano wa 2019 wa Widex na Sivantos, na Starkey ya Marekani. NHS nayo hununua kwenye nyumba hizo hizo. Ila yeye hununua kama tajiri anayechukua shehena nzima bandarini, kwa hiyo kifaa kimoja humfikia kwa chini ya pauni 100. Mteja wa dukani huingia peke yake, aibu imemkaba koo, na kifaa kimoja humgharimu pauni 500, hata 3,500, pengine zaidi. Ndani ya pesa hiyo mna pango la duka, mshahara wa mpimaji, tangazo la gazetini lenye mzee anayecheka ufukweni, na mara nyingi fungu la muuzaji. Wewe mwenyewe, Ghali, umo pia. Lakini usijihesabu kuwa ndiwe mzigo wote.

BURE: Mwambie! Sisi ni watu wa 1948, mwaka ule ule NHS ilipoanza. Babu yangu aliitwa Medresco, akivaliwa kifuani na waya ukipanda sikioni, na hakumdai mtu hata peni. Betri bure, matengenezo bure, kijibomba bure…

NTA: Ngoja, mzee, zamu yako inakuja.

GHALI: Basi na mimi nijitetee. Mwenzangu ni wa mkopo, mali ya hospitali. Mimi ni mali ya bibi. Tena hebu tuulize kazi. Kifaa cha bei kubwa kina akili zaidi: kinatenganisha maneno na kelele, kinajirekebisha chenyewe. Mtu hanunui bei, ananunua kusikia.

NTA: Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa maana dai hilo limepimwa. Katika Chuo Kikuu cha Memphis, Robyn Cox na wenzake waliwapa wazee vifaa vya daraja la juu na vya daraja la chini kutoka kampuni kubwa, wakavaa kila kimoja mwezi mzima katika maisha yao ya kila siku, bila kuambiwa kipi ni kipi. Vyote viliwasaidia, na vya daraja la juu havikuwasaidia zaidi katika kuelewa maneno wala katika raha ya maisha. Huko Indiana ukafanywa utafiti mwingine, ukatolewa 2017, wa watu 154 wenye umri wa miaka 55 hadi 79. Kifaa kilikuwa kile kile, lakini wengine walitozwa dola 3,600 kwa jozi na wengine dola 600. Bei haikubadili walivyosikia. Kundi jingine lilipewa vifaa ambavyo kwa siri havikukuza sauti hata kidogo, kusudi ijulikane imani peke yake inafika wapi. Sasa sikiliza lile lililoleta tofauti. Waliohudumiwa na mtaalamu, asilimia 81 walitaka kubaki na vifaa vyao jaribio lilipokwisha. Waliojichagulia wenyewe mezani walikuwa asilimia 55. Kifaa kile kile, Ghali! Kilichotofautiana ni mkono uliokiweka sikioni.

GHALI: Umeninenea mimi basi! Dukani kuna mkono. Kuna kahawa, kuna kiti, kuna saa nzima ya mazungumzo.

NTA: Kahawa haipimi sikio. Kuna kipimo kimoja ambacho ningemtaka kila bibi akiulizie kabla hajauliza bei. Mpimaji anaingiza mrija laini wa maikrofoni hadi karibu na kiwambo cha sikio, kifaa kikiwa kimevaliwa, anachezesha sauti ya maneno, kisha anatazama kwenye skrini kama kinachofika ndani ndicho kinachohitajiwa na upotevu wa usikivu wa mtu huyo. Matundu ya masikio hayalingani. Sauti ile ile huvuma kwa mmoja na kufifia kwa mwingine. Bila kipimo hicho, kompyuta ya kiwanda inakisia, na makisio yake mara nyingi hupunguza sauti nyembamba, zile zinazoyatofautisha "fika" na "shika". Ndipo bibi anasema, "Nawasikia, ila siwaelewi," na wajukuu wanadhani ni uzee. NHS kipimo hicho ni desturi yake. Madukani wapo wanaokifanya vizuri mno, na wapo wanaokubonyezea kitufe kimoja wakakuaga. Wewe, Ghali, ulipimwa?

GHALI: …Kulikuwa na kahawa.

BURE: Ha! Nilisema mimi. Umma ni umma.

NTA: Haya, zamu yako, mzee. Umma gani? Kanuni ya England inataka mgonjwa afanyiwe vipimo ndani ya wiki sita, na vipimo vya masikio vimekuwa miongoni mwa vinavyoikosa vibaya. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Kwenye foleni yako linalala, linaamka, linalala tena. Huko North Staffordshire, Oktoba 2015, wasimamizi wa fedha waliamua wenye upotevu mdogo wa usikivu wasipewe kifaa tena, wa kwanza kufanya hivyo katika historia ya NHS, na baadaye uamuzi ukafutwa. Huko Lothian, Uskoti, ukaguzi wa 2021 ulikuta watoto zaidi ya 150 waliohudumiwa kwa makosa makubwa ya upimaji, wengine wakachelewa kugunduliwa hadi miaka ya kujifunza kusema ikawapita. Ule nao ulikuwa umma. Hata mimi Nta, zamani muuguzi wa kliniki ya mtaa alinitoa bila malipo. Siku hizi kliniki nyingi zimeacha, na mzee anaambiwa akanitolee dukani kwa pesa zake. Kwa hiyo mwenye haraka, mwenye kazi itakayompotea akingoja miezi, au mwenye sikio lenye umbo ambalo hospitali yake haina kifaa chake, akienda dukani simlaumu. Amenunua muda, nao muda ni bidhaa halali. Ninayemlaumu ni yule aliyekuwa amekwisha kupewa wewe, ukamfaa, halafu akakuficha.

BURE: Bibi alinivaa wiki tatu. Siku ya harusi akanivua.

NTA: Kwa nini?

BURE: Mjukuu alisema naonekana kwenye picha.

NTA: Hapo sasa! Hapo ndipo biashara ilipo. Ghali, wewe hukununuliwa ili bibi asikie. Ulinunuliwa ili watu wasione kwamba hasikii. Na angalia kilichotolewa kafara. Mzee Bure ana maikrofoni mbili, moja mbele na moja nyuma, hivyo anaweza kumlenga anayezungumza na kupunguza kelele za nyuma. Wewe kwa udogo wako una moja, inayopokea kila kitu, sufuria na mazungumzo kwa pamoja. Mwenzako ana koili ya kupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye kaunta ya benki au ukumbi wenye ile alama ya sikio na herufi T. Kwako haikupata nafasi. Betri yake ni ya karatasi ya rangi ya chungwa, inakaa wiki na zaidi. Yako ni ya karatasi ya njano, ndogo kama dengu, inakaa siku chache, na inawekwa na vidole vyenye baridi yabisi. Nimeviona vidole hivyo. Betri inaanguka kwenye zulia, bibi anapiga magoti, anapapasa, na kwa kuwa ukishabandua karatasi hewa inaingia na betri inaanza kula maisha yake, anapapasa huku inakufa. Pauni 2,400! Walilipa ziada ili apate pungufu, kisha wanamtazama akipapasa na kusema, "Bibi, hujui kutumia vitu vizuri."

GHALI: Lakini wapo ndugu zangu wanaounganishwa na simu…

NTA: Wapo, na wapo wa NHS wanaofanya hivyo pia. Siku hizi huo si utukufu wa mtu mmoja.

GHALI: Na akili? Tangazo langu lilisema asiyevaa atapoteza kumbukumbu. Walinunua kwa kumpenda, wasije wakampoteza angali hai.

NTA: Tangazo lako lilichukua nusu ya habari, ile nusu inayouza. Ni kweli jopo la jarida la Lancet linauhesabu upotevu wa usikivu kati ya mambo yanayoweza kuchangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kushughulikiwa. Lakini jaribio kubwa la Marekani lililotolewa 2023, la watu 977 wenye miaka 70 hadi 84, lilifuatilia miaka mitatu na kwa jumla halikuona tofauti ya kudhoofika kwa akili kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa. Tofauti, tena kubwa, ya asilimia 48, ilionekana katika kundi moja lililokuwa hatarini zaidi tangu mwanzo. Ni tumaini la kweli kwa watu wa aina hiyo. Lakini hakuna aliyepima kama kifaa cha pauni elfu mbili kinalinda kumbukumbu kuliko cha bure, na anayeuza hofu hiyo kwa mjukuu mwenye machozi, huyo namwita mwizi mwenye kahawa. Nanyi wajukuu! Mmechangishana kwenye kundi la simu, mkapigiana makofi, mkatuma picha ya kisanduku. Nani kati yenu anamgeukia bibi uso anaposema naye? Nani anapunguza televisheni? Mnazungumza mkiwa jikoni, mmempa kisogo, bomba la maji linamwagika, halafu mnauliza kifaa kimefanya nini. Uso kwa uso hauna bei, ndiyo maana hamjautoa.

BURE: Umepaza sauti sana, Nta.

NTA: Hakuna anayenisikia.

(Mtoto wa meza unavutwa. Mwanga. Mkono wa mjukuu unamchukua Ghali, unampuliza, unamtia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na saa ya zamani na vitamini. Sauti inasema: "Hiki kitamfaa shangazi Mombasa, naye siku hizi hasikii vizuri.")

GHALI: Mombasa? Lakini nimefinyangwa kwa tundu la sikio la bibi! Sauti zangu zimepangwa kwa upotevu wa bibi! Nta, waambie!

NTA: Niwaambie kwa mdomo gani? Tena kuna jingine: je, duka lililokuuza limekufunga kwa programu yake? Wapo wanaofanya hivyo. Ikiwa ndivyo, mpimaji wa Mombasa, shangazi akibahatika kumpata na nauli ya kurudi kwake mara ya pili na ya tatu, atakuunganisha kwenye kompyuta yake na utakataa kufunguka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 80 ya wenye upotevu wa usikivu wa kiwango cha ulemavu wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko shangazi hana foleni ya kulalamikia wala duka la kahawa. Ana wewe, na utampigia filimbi sikioni mpaka akutoe.

GHALI: Na wewe utabaki hapa na mzee?

NTA: Nibaki? Bado nimo kwenye kichujio chako. Hawakunisafisha.

(Zipu ya mkoba inafungwa. Sebuleni simu inalia mara nne, mara tano. Bure analala na karatasi ya chungwa bado imebandikwa kwenye betri yake.)