Mwizi Wangu Apewe Cheo

Kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi,
Kaunti ninayoishi,
Uingereza.

YAH: OMBI LA KUMWAJIRI MWIZI WA BAISKELI YANGU KATIKA IDARA YENU YA UPELELEZI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza nilikwisha kuandika, na jibu likaja haraka hadi nikaingiwa na shaka: namba ya tukio, pole kwa yaliyonikuta, kisha, kabla chai yangu haijapoa, taarifa kwamba jalada limefungwa kwa sababu hakuna shahidi, hakuna picha za kamera na hakuna pa kuanzia. Kompyuta yenu inakijua Kiingereza barabara. Barua hii itakulazimu utafute mtu wa kuisoma, na mtu ndiye niliyekuwa nikimwomba tangu mwanzo.

Sina malalamiko. Nimekuja kumpendekeza kijana kazini. Nasema kijana kwa kukisia tu. Jina lake silijui wala sura. Ila kazi yake nimeiona, na kati ya wote waliojihusisha na baiskeli yangu, ndiye pekee aliyefanya upelelezi.

Fikiria alivyonifikia. Mtaa wetu ni wa nyumba za matofali mekundu zilizopangwa mstari, kila moja na gereji yake ubavuni, na gereji za nchi hii, kama unavyojua, huwekwa kila kitu isipokuwa gari. Mna makopo ya rangi iliyokauka, mti wa Krismasi wa plastiki, mashine ya kukatia nyasi, na baiskeli. Milango ni ileile, rangi ni zilezile. Mtu mvivu angechagua kwa kubahatisha, avunje kumi aambulie mti wa Krismasi. Huyu alikwenda kwenye mlango mmoja tu.

Njia za kuujua mlango huo zimejaa tele, na zote huzifungua sisi wenye mali. Jumapili asubuhi waendesha baiskeli wa huku huziosha mbele ya nyumba, mlango wa gereji ukiwa wazi kabisa, na kila apitaye akitembeza mbwa anaona kilichotundikwa ukutani. Mwenye baiskeli mpya hulitoa boksi lake nje usiku, jina la mtengenezaji likiwa limeandikwa kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, maana halmashauri imetufundisha kutenganisha taka na sisi ni raia watiifu. Mwingine anauza magurudumu yake ya zamani mtandaoni, anapiga picha humohumo gerejini, na nyuma ya magurudumu zinaonekana baiskeli ambazo haziuzwi. Mwingine anafuatwa tu, polepole, kutoka kwenye mgahawa anakokunywa kahawa na wenzake hadi nyumbani.

Halafu kuna Strava. Ni programu ya simu inayochora njia uliyopita, kasi yako na mlima uliokushinda, kisha inawaonyesha wengine wakupe hongera. Mnamo Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya pamoja ya programu hiyo ilikuwa imeanika kambi za kijeshi, hata zile za jangwani, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi huku wameiwasha. Ikiwa jeshi lenye ndege na setilaiti limejianika namna hiyo kwa mbio za jioni, itakuwaje kwa mhasibu wa mtaa wa tatu anayebonyeza kitufe cha kuanzia akiwa amesimama mlangoni pa gereji yake? Upo uwezo wa kuficha mwanzo na mwisho wa safari, ila uko kwenye mipangilio, na binadamu aliyetoka kupanda mlima hataki mipangilio, anataka hongera. Wengi wanaandika na aina ya baiskeli. Kwa hiyo mwizi, akiwa amekaa kwake, anapata anwani, saa za kutoka, siku za kutokuwepo na maelezo ya mali. Fomu yenu iliniuliza mambo hayohayo manne. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kabla.

(Wako wanaosema wezi huchora alama za chaki kwenye kuta za nyumba walizozichagua. Uvumi huu hurudi kila baada ya muda, na mara nyingi alama zenyewe ni za mafundi wa maji na umeme. Chaki ya nini, wakati mwenye nyumba amejichora mwenyewe?)

Upande wa ufundi pia simkosoi. Mlango wa gereji zetu ni bati linalonyanyuka, lina kitasa kimoja katikati, na pembe zake za chini zimebaki huru. Sitaeleza zaidi, barua hii ni ya wazi. Ndani, Mheshimiwa, ndiko kwenye maajabu. Kufuli za baiskeli nchini hapa hupimwa na kupewa madaraja, shaba, fedha, dhahabu na almasi, na mtu hununua ya almasi kwa bei ya kumlisha mwanafunzi mwezi mzima. Akienda dukani kununua maziwa anaifunga baiskeli yake kwa kufuli hiyo, dakika tano. Akirudi nyumbani anaitundika kufuli kwenye msumari, na baiskeli inalala bila kufungwa popote hadi asubuhi. Kando yake pana bisibisi, mtaimbo, ngazi, na pengine grenda ya betri iliyochajiwa vizuri. Mwizi makini haji na vifaa. Vifaa ni sehemu ya ukarimu wa nyumba.

Usidhani haya ni maneno ya mtu aliyekasirika. Wizara yenu ya Mambo ya Ndani ilichapisha mwaka 1999 kazi ya mtaalamu wa jinai Ronald Clarke kuhusu vitu vinavyopendwa na wezi. Akataja sifa sita: kifichike, kihamishike, kipatikane, kiwe na thamani, kifurahishe na kiuzike. Baiskeli inazo zote, na kwenye hiyo ya kuhamishika imepitiliza, kwa kuwa televisheni ni lazima uibebe, lakini baiskeli ndiyo inayombeba mwizi.

Nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Oktoba 2022 wakuu wa polisi wa England na Wales walitoa ahadi kwamba askari watafika kila nyumba iliyovunjwa. Niliisoma ahadi hiyo kwa furaha. Nilipopiga simu, sauti ya upole sana ikaniuliza kama gereji yangu imeungana na nyumba. Haijaungana. Imesimama peke yake, hatua chache kutoka dirisha la jikoni. Sauti ikashusha pumzi kama ya daktari mwenye majibu mabaya. Baadaye nikaangalia sheria yenu: avunjaye makazi ya watu aweza kufungwa hadi miaka 14, avunjaye jengo lisilo makazi hadi 10. Hizo hatua chache za majani mabichi, ambazo hukata mwenyewe kila wiki mbili, zina thamani ya miaka minne. Naomba mnitumie mchoro unaoonyesha nyumba yangu inaishia wapi, ili usiku nikisikia kishindo nijue kama nishtuke au nigeuke upande wa pili.

Na Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ina kifungu kitamu zaidi. Mtu akichukua baiskeli ya mwenzake bila ruhusa, pasipo nia ya kuitwaa moja kwa moja, adhabu yake ni faini basi. Kwa hiyo mteule wangu akikamatwa akiwa juu ya tandiko, aseme alikuwa anakwenda sokoni na angerudi. Namtakia safari njema.

Mimi nimekulia Tabora. Kule baiskeli hubeba mkaa, madumu ya maji, mgonjwa na bibi harusi, na usiku hulala ukumbini, imeegemezwa kwenye kabati la vyombo, ukitoka kwenda msalani unajigonga nayo. Hakuna gereji ya kuvunja. Mchana inajulikana na mtaa mzima: mlio wa kengele, kipande cha mpira kwenye kiti cha nyuma, rangi iliyopakwa mara ya tatu. Wazee walioko barazani hawakuajiriwa na mtu kulinda, lakini kijana akipita na baiskeli ya mzee Fulani wataanza kwa salamu: "Shikamoo yako tumeipokea, mjukuu wetu, na mwenye baiskeli hajambo?" Wamarekani wawili, Cohen na Felson, waliandika mwaka 1979 kwamba wizi hutokea pale mambo matatu yanapokutana: mwenye nia yuko, mali iko, mlinzi hayuko, na mlinzi, kwa maana yao, ni mtu yeyote anayeona. Hapa kwenu majirani zangu ni watu wema, ila mapazia yao yamefungwa tangu Septemba. Sisemi tuige kila kitu cha kwetu. Mwizi akipigiwa kelele kule anaweza kufa kabla hajafikishwa kituoni, na hilo simtakii hata huyu.

Ninyi wenyewe mliwahi kuijua kazi hii. Katikati ya miaka ya 1980, huko Kirkholt, Rochdale, polisi na watafiti waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ina hatari kubwa kuliko nyingine ya kuvunjwa tena, na mapema. Hawakusambaza vipeperushi kaunti nzima. Walikwenda kwa walioibiwa, wakaimarisha milango yao, wakaziondoa mita za gesi na umeme za kutumbukizia sarafu zilizokuwa zikiwavuta wezi, wakawaomba majirani wa pande zote wawe macho. Wizi ukaporomoka. Maandishi ya mradi huo yalichapishwa na wizara yenu. Mwizi wangu sidhani kama ameyasoma, lakini anayafuata kwa uaminifu: anajua kwamba baada ya wiki kadhaa bima italipa, baiskeli mpya itakuja, na boksi litatolewa nje. Mlango ameshaujua. Kwake jalada halijafungwa.

Mkiona aibu kujifunza kwa mwizi, jifunzeni kwa wenzenu. Mwaka 2008 polisi wa Toronto waliweka baiskeli za mtego, wakasubiri, zikawafikisha kwa fundi mmoja, Igor Kenk. Kwake na kwenye gereji alizokodi walikuta karibu baiskeli 3,000. Nyingi hazikurudi kwa wenyewe, na ni vigumu kuthibitisha mali bila namba ya fremu, ile iliyogongwa chini kwenye makutano ya pedeli. Yangu niliandika. Nimewatumia. Iko kwenye jalada lililofungwa.

Masharti ya ajira yake nayaacha mikononi mwako. Ningeshauri asipewe ofisi, maana atakaa. Apewe mtaa mmoja, aupite kwa miguu kama alivyozoea, kisha awagongee wenye nyumba mchana, awaambie alichokiona akiwa barabarani: boksi, picha, mlango wazi, kufuli ya almasi iliyo msumarini. Mshahara usiwe mdogo. Kwa sasa hana bosi, hajazi fomu, na anapata baiskeli.

Mwisho, nimepokea dodoso lenu la kupima kuridhika kwangu na huduma, nami nimelijaza lote. Palipoulizwa kama mhusika alifika kwangu kwa wakati, nimeandika ndiyo. Alielewa mahitaji ya eneo langu? Sana. Je, natarajia kuonana naye tena? Nimeweka tiki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye gereji.

Nakala:
Kampuni ya bima, ambayo bado inataka picha ya mlango ulioharibika.
Mwizi, kwa taarifa. Nitaiacha barua yake juu ya boksi, kando ya pipa la taka.