Godzilla Hakuzaliwa kwa Ajili ya Ngumi

Jamani, leo nasonya na sitanii. Kila jioni hapa kijiweni wimbo ni uleule: vijana wameharibiwa na madude ya sinema. Haya, nani kati yetu amewahi kumuuliza kijana anaona nini mle?

Chukueni Godzilla. Kibanda umiza kikimwonyesha anazichapa na Kong, vijana wanashangilia ngumi. Siwalaumu, ndicho walichouziwa. Lakini dude lile lilizaliwa na msiba. Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, Bahari ya Pasifiki. Majivu yenye sumu yakawamwagikia wavuvi 23 wa Kijapani ndani ya chombo chao, Daigo Fukuryu Maru. Wakaugua wote. Septemba, mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki. Novemba mwaka huohuo Ishiro Honda akatoa filamu ya dude lililoamshwa na majaribio ya mabomu, na mwanzoni kabisa utaona mwanga mkali baharini na chombo kinateketea. Mjapani gani hakuelewa?

Mle ndani kuna mama kajikunyata na wanawe, Tokyo inaungua, anawaambia watamfuata baba yao sasa hivi. Kuna mtoto hospitalini, mtaalamu anampitishia kifaa cha kupimia mionzi, kisha anatikisa kichwa. Ngumi ziko wapi hapo? Hiroshima na Nagasaki zilikuwa hazijatimiza hata miaka 10 tangu zipigwe mabomu ya atomiki.

Mwaka 1956 Wamarekani wakaichukua filamu ile, wakampachika mwigizaji wao Raymond Burr, wakapunguza mengi yaliyosemwa juu ya bomu. Nyoo! Ukishaficha aliyeliamsha dude, umebakiza nini zaidi ya majengo kuanguka?

Wazee wangu, bibi zetu walipotusimulia zimwi hawakuishia kwenye meno. Tulilala tunajua limemkuta mtoto wapi, na nani alimwacha peke yake. Kazi hiyo sasa ni yetu, na tumeikimbia, tumebaki kufoka.

Kijana akitoka kibandani, mkalishe hapa umuulize: dude limetoka wapi, nani kaliamsha, nani kaumia? Akizoea kuuliza hivyo kwenye sinema, atauliza hivyohivyo mto wake ukigeuka sumu, na hapo hatakubali kuambiwa ni bahati mbaya.