Heko, Alteneta Isiyochaji

Wapo watu hapa Haydom wanaojisifu kwamba magari yao huwaka kila asubuhi. Nawahurumia. Gari linalowaka halimfundishi mwenyewe kitu. Landrover yangu, Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ilinisomesha miaka miwili bila ada, kwa kutochaji tu.

Somo la kwanza lilikuwa jiografia. Zamani nilidhani mji huu ni tambarare. Siku hizi najua kila mteremko, hata ule wa hatua kumi, na kanisa ninalosali nililichagua kwa ajili ya mteremko ulio mbele ya mlango wake.

Somo la pili ni ujirani. Siku za mnada gari langu limesukumwa na Wairaqw, Wabarbaig, Wanyisanzu, na mara moja kijana wa Kihadzabe aliyepanda kutoka Yaeda Chini. Sehemu ambako lugha za Kikushi, Kinailoti na Kibantu hukutana na Kihadza chenye vidoko ni chache mno duniani. Mojawapo ni eneo letu hili. Nyingine ni bampa langu la nyuma. Kiswahili kilihitajika wakati wa kuhesabu tu: moja, mbili, tatu, haya!

Somo la tatu, lililo tamu kuliko yote, ni uganga wa kutafuta ugonjwa. Tuna hospitali ya Kilutheri, iliyofunguliwa 1955, ambako mgonjwa hupimwa kwanza ndipo akatibiwa. Chini ya mti wa mafundi tunaokoa muda: tunaanza na matibabu.

Fundi wa kwanza alitazama gari kwa mbali akasema, "Mzee, betri imekufa." Nikanunua mpya. Ikafa, na mbili zilizofuata pia. Wa pili akasema ni alteneta, akafunga nyingine iliyotumika. Wa tatu alikuwa mtu wa sayansi. Aliwasha injini, akakanyaga mafuta, kisha akachomoa terminali ya betri aone kama gari litazima. Kipimo hicho tumekirithi kutoka enzi za dainamo. Kwenye alteneta huunguza diodi. Kabla ya kupima tulikuwa na shaka kama alteneta ni mbovu. Baada ya kupima shaka iliisha. Nikanunua nyingine.

Wapo wanaopenda njia ya mkato. Wanaweka mita kwenye betri: injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma volti 12.6; injini ikiunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, chaji haifiki. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na dakika moja haitoshi hata kuagiza chai, sembuse watu kujuana.

Tena ugonjwa wenyewe ulikuwa na adabu zake. Nikipanda kuelekea Dongobesh kwa moto mkubwa, gari lilichaji vizuri. Nikizungukazunguka sokoni polepole, liligoma. Majirani walianza kutaja mkono wa mtu.

Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye mita aliharibu kila kitu. Alifungua swichi, akaitazama dashibodi, akauliza, "Shikamoo mzee. Taa nyekundu ya chaji iko wapi?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba balbu niliichomoa kwa mkono wangu miaka miwili iliyopita, kwa kuwa ilikuwa ikinipepesea machoni usiku.

Kijana akanyamaza kidogo, kwa heshima. Kisha akanieleza kwamba umeme wa kuiamsha alteneta hupita kwenye balbu hiyo. Bila balbu, alteneta husinzia mpaka injini ikimbizwe sana, ndipo sumaku kidogo iliyobaki chumani huiamsha. Nayo ile taa, alisema, ilipepesa kunijulisha kwamba feni belti imelegea. Akakaza belti, akaomba balbu.

Sasa gari linawaka kila asubuhi. Mimi na wasukumaji wangu tunapungiana mikono kwa mbali, na mahubiri nayasikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu siwazi tena ni nani ameegesha mbele yangu.

Hesabu yangu ni betri tatu na alteneta mbili. Balbu ni ya wati mbili hivi, na miaka yote miwili ilikuwa ndani ya gari lilelile, nimeifunga kwenye karatasi isipotee.