Msomi yuko likizo

Msomi wetu wa mwaka wa tatu karudi Mwananyamala kwa treni ya SGR kutoka Dodoma, begi limejaa nguo chafu. Bumu liliisha kitambo. Anaamka saa tano, anafunua hotipoti, anakuta chapati mbili na maharage ya nazi, kisha anauliza: "Mama, leo chai haina tangawizi?" Mdogo wake wa darasa la sita keshachota maji, kafagia uwanja, kaenda shule. Luku ikikata, msomi ndiye wa kwanza kupiga kelele, kununua hanunui. Haya, baba, lala. Bodi ya Mikopo haina papara. Ukiajiriwa tu, itakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na mama naye atataka hela ya luku.